Mama fua hulipa ulezi kabla ya kupata kazi: barua ya wazi kwa Kaunti ya Nairobi

Kwa Gavana wa Kaunti ya Jiji la Nairobi,
Kwa Waziri wa Kaunti anayesimamia elimu,
Kwa Wawakilishi Wadi wote.

Waheshimiwa,

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, Sehemu ya Pili, linaorodhesha kazi zilizokabidhiwa kaunti. Kwenye nambari 9 mnakuta elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, vituo vya mafunzo ya kazi za nyumbani na vituo vya kulea watoto. Chekechea za kaunti tunaziona na tunawashukuru. Vyuo vya ufundi tunaviona, vingine vimepakwa hata rangi mpya. Nawaandikia kuhusu hilo la mwisho, kwa sababu katika mitaa yetu ya mabati vituo tunavyovitegemea ni deikea za akina mama: chumba cha futi kumi kwa kumi, mkeka, godoro moja lililochoka, watoto kumi na kitu au zaidi ya ishirini, na mlezi mmoja.

Mimi ni mweka hazina wa chama cha akina mama Korogocho. Uchumi sikuusomea, lakini daftari la chama ninalo, na nimelishika muda wa kutosha kuona mambo yanavyokwenda. Mwanachama akijifungua, mchango wake hukatika. Hilo halina neno, kila mtu anaelewa. Ajabu ni kwamba mtoto akifikisha miezi sita mchango haujarudi, na akifikisha mwaka bado. Ukirudi, unachechemea: wiki hii yupo, wiki mbili hayupo, halafu anatuma mwenzake aseme atalipa mwisho wa mwezi. Unakuja kunyooka mtoto akiingia PP1, darasa la kwanza la chekechea, akiwa na miaka minne. Mwenye watoto watatu waliofuatana hupoteza hivyo miaka inayokaribia kumi, tena ile ambayo mwili bado una nguvu za kazi.

Mtu akisoma daftari hilo bila kutujua atadhani ni uvivu. Ngoja niwaeleze siku ilivyo.

Wengi wetu ni mama fua. Anaamka saa kumi na moja, anakoroga uji, anaujaza kwenye kikombe cha mtoto chenye kifuniko, anafunga nepi mbili kwenye mfuko wa karatasi na kumpeleka mtoto deikea giza likiwa bado. Analipa hapo hapo, shilingi hamsini kwingine, mia moja kwingine. Kisha anatembea kwa miguu mpaka Eastleigh. Huko anakaa kando ya ukuta wa fleti pamoja na wenzake, wakingoja mlinzi afungue geti na kuita. Akiitwa, atafua, atapiga deki, atasugua masufuria ya jana, na jioni atarudi na mia tatu, mia nne, au mia tano ikiwa nguo ni nyingi na mwenye nyumba ana roho safi. Asipoitwa, anarudi saa saba mchana mikono mitupu na ile mia ya asubuhi imekwenda.

Tafadhali someni tena hapo, waheshimiwa, maana ndipo mambo yote yalipo. Ada ya deikea ni ya hakika, kazi ni bahati nasibu. Tuseme amelipa mia moja kwa siku sita, ameitwa siku tatu, na kila siku aliyoitwa amepata mia nne. Mkononi zimepita 1,200, na 600 kati yake zimeishia kwa mlezi. Nusu ya jasho lake imelipia ruhusa ya kwenda kukaa kando ya ukuta. Ndiyo sababu wapo wanaokaa nyumbani na kuambiwa hawataki kazi. Wamepiga hesabu, na hesabu imekataa.

Wapo pia wanaokwenda na mtoto mgongoni. Mwenye nyumba anafungua mlango, macho yake yanatua kwenye leso kabla hayajafika usoni, na anauliza: "Na huyo utamweka wapi?" Mama ataapa kwamba mtoto ni mpole, atalala tu. Mlango unafungwa, mwingine anaitwa. Simlaumu sana mwenye nyumba. Sabuni, maji moto na mtoto anayetambaa havikai chumba kimoja.

Sasa kinachonisukuma kuwaandikia nyinyi badala ya kulalamika kwenye chama ni kwamba jambo hili limekwisha kupimwa, tena hapahapa Korogocho. Watafiti wa APHRC, kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya Afrika chenye makao yake Nairobi, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha McGill cha Kanada, walifuatilia zaidi ya akina mama elfu moja wenye watoto wa umri wa mwaka mmoja hadi mitatu. Kwa njia ya kura, baadhi walipewa vocha za kulipia deikea na wengine hawakupewa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019. Waliopewa vocha walikuwa na uwezekano wa kuwa kazini uliozidi wa wenzao kwa asilimia 17 hivi, yaani karibu akina mama tisa zaidi katika kila mia. Mafunzo ya biashara hawakupewa. Mtaji hawakupewa. Hakuna aliyekuja kuwahutubia kuhusu kujituma. Walilipiwa mahali pa kumwacha mtoto, basi.

Kuna jambo ndani ya matokeo hayo ambalo naogopa mtu wa bajeti atalisoma vibaya. Walioongezeka kazini ni hasa wenye waume. Kwa akina mama wasio na waume, idadi ya walio kazini haikupanda hivyo. Mtu wa haraka atasema basi kwao vocha ni hasara. Lakini fikirini. Mwenye mume anayepata kibarua cha mjengo anaweza kusema leo siendi, ugali utapatikana. Asiye na mume hana anasa hiyo. Kabla ya vocha kufika alikuwa tayari kazini, mtoto ameachwa kwa jirani, au kwa dada yake wa miaka tisa, au amefungiwa ndani kwa kufuli na mama yuko Eastleigh anafua huku roho iko Korogocho. Utafiti ulikuta kwamba vocha ilimwezesha huyu kuhamia kazi zenye saa chache na zenye ratiba inayoeleweka, bila kipato chake kushuka. Aliacha kuchukua chochote kilichopita mbele yake na akaanza kuchagua. Mimi, ningeambiwa nipange nani apate ruzuku kwanza, ningeanza na huyu, hata kama hataongeza tarakimu moja kwenye ripoti yenu ya ajira.

Na huyo dada wa miaka tisa naye tumkumbuke. Ulezi wa bure hauko Nairobi; kila asubuhi kuna mtu anaulipia, na mara nyingi ni msichana anayekosa shule ili mama aende kazini. Katika mkoa wa Gaza nchini Msumbiji, vijiji vilivyopata chekechea viliona walezi wengi zaidi wakifanya kazi, na vilevile watoto wakubwa wa nyumba hizo wakienda shule zaidi. Nikiwa kwenye mkutano na kusikia viongozi wakishangaa wasichana wanaacha shule, huwa natamani kuuliza kama kuna aliyehesabu wadogo zao.

Mtaniambia sheria zipo. Kweli, zipo, na si mbaya. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mwanamke miezi mitatu ya likizo ya uzazi yenye malipo, na baba wiki mbili. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea. Yote hayo yanamfaa mwenye barua ya kuajiriwa. Mama fua ana waajiri wengi kuliko karani wa benki, na hata mmoja wao hana chumba cha kumtengea. Mama mboga ni mwajiri wake mwenyewe, na chumba chake cha kunyonyeshea ni katoni chini ya meza ya nyanya.

Wengine, hasa wazee wetu na baadhi ya wachungaji, watasema mahali pa mtoto mdogo ni kwa mamaye. Nawaheshimu, ila hoja hiyo ingekuwa na uzito zaidi kama kodi ya nyumba ingekuwa inalipwa kwa kukaa na mtoto. Na baba je? Takwimu za KNBS, shirika la takwimu la taifa, za mwaka 2021 kuhusu matumizi ya muda zinaonyesha mwanamke wa Kenya hutumia karibu saa nne na nusu kwa siku kwenye kazi za nyumbani na ulezi usiolipwa, wakati mwanamume hafikishi saa moja. Siwaombi mrekebishe ndoa za watu, hiyo si kazi ya kaunti. Nawaomba msipange bajeti kana kwamba hizo saa nne na nusu ni hewa tu.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu kuliko hayo yote, nalo linahusu watoto wenyewe. Jimbo la Quebec, Kanada, lilianza mwaka 1997 kutoa nafasi za ulezi kwa dola tano kwa siku, na akina mama wakaingia kazini kwa wingi. Lakini wachumi waliofuatilia walikuta pia kwamba baadhi ya watoto walizidi kuwa na wasiwasi na ukali. Mimi siwezi kulipuuza hilo, kwa sababu deikea zetu nazijua. Zipo ambazo mtoto hupewa dawa ya mafua ili alale mchana kutwa, na jioni anarudi macho mazito. Mlezi anayefanya hivyo mimi simtetei. Ila nawaomba mpige na yeye hesabu yake kabla ya kumtumia askari.

Akipokea watoto sita kwa mia moja, ana mia sita. Humo atoe kodi ya chumba, makaa, mitungi ya maji, sabuni ya kusafisha mkeka, na wawili kati ya wale sita leo hawakulipa kwa sababu mama zao jana hawakuitwa. Anachobaki nacho hakizidi cha mama fua, naye hapumziki hata kwenda haja. Kwa hiyo anapokea kumi na watano, kisha ishirini. Na watoto ishirini wenye umri wa chini ya miaka mitatu, kwa mtu mmoja, hawatazamiki. Mnayoyaita makosa ya mlezi mengi huanzia kwenye bei: sisi hatuwezi kulipa zaidi ya hapo, na kwa pesa hizo hakuna anayeweza kulea vizuri zaidi ya hapo. Ruzuku ndiyo inayoweza kukata fundo hilo. Mkimjazia mlezi pengo kwa kila mtoto, kwa sharti kwamba asizidishe idadi mtakayokubaliana, atakuwa na sababu ya kumkataa mtoto wa kumi na tatu na uwezo wa kuajiri msaidizi. Msaidizi huyo naye atakuwa mwanamke wa mtaa huu aliyekuwa hana kazi, jambo ambalo wanaozungumzia ajira za wanawake huwa hawalihesabu.

Nairobi imekuwa na sheria yake ya vituo vya kulea watoto tangu 2017. Mpaka sasa, mtaani, inasikika zaidi kama tishio. Mlezi wa chumba kimoja akisikia ukaguzi anafunga mlango, anawaambia watoto wanyamaze, na wageni wakipita anasema hawa ni wajukuu. Sheria ikifika na masharti peke yake itawafukuza wale wanaojitahidi waingie uchochoroni zaidi. Ikifika na pesa, watajiandikisha wenyewe, tena watapanga foleni. Wekeni ngazi. Ngazi ya kwanza iwe ile ambayo mwanamke wa mabati anaweza kuifikia mwaka huu: idadi ya watoto, choo, maji safi, jiko lililotengwa, mlango unaofungukia nje. Mengine yafuate.

Na tafadhali, msijenge. Najua majengo yanapendeza, yana jiwe la msingi na utepe wa kukata, na mkandarasi naye anapata chake. Lakini kituo kizuri kilichoko kilomita mbili hakimfai mama anayetoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri, mtoto mgongoni, akipita vichochoro vyenye matope na vijana wasiolala. Atachagua deikea iliyo milango mitatu kutoka kwake, hata ikiwa mbovu. Halafu majengo ya serikali hufunguliwa saa mbili na kufungwa saa kumi, na wakati huo mama fua ndiyo kwanza anaanika shuka za mwisho. Pesa zimfuate mtoto mahali alipo. Vocha ya simu itatosha: mama anachagua mlezi aliyeandikishwa, analipa sehemu yake, kaunti inalipa iliyobaki kulingana na siku ambazo mtoto alifika kweli.

Msiniambie haiwezekani, kwa maana mmekwisha fanya linalofanana nalo. Tangu 2023 Dishi na County, mpango wenu wa chakula cha mchana kinachopikwa kwenye majiko makubwa ya pamoja, inawalisha watoto wa shule za umma. Mzazi anaweka shilingi tano kwa simu, mtoto anagusisha mkanda wa mkononi, sahani inajaa. Kuna waliocheka mpango huo ulipoanza, na leo wengine wao watoto wao wanakula hapo. Mfumo wa kumtambua mtoto, kupokea malipo madogo ya mzazi na kujazia iliyobaki mnao tayari. Chakula kutoka majiko yale makubwa hupita barabarani kila siku kwenda shuleni. Kingeweza kuteremshwa kwenye deikea zilizoandikishwa, kikiwa kimepondwa kwa ajili ya wadogo. Hilo peke yake lingempunguzia mlezi moshi na mama hangaiko la asubuhi. Wahudumu wa afya ya jamii nao wanapita nyumba kwa nyumba na mikoba yao. Mlango wa deikea uongezwe kwenye orodha yao, wapime uzito wa watoto, watazame chanjo, na wakikuta mtoto analala isivyo kawaida waulize.

Gharama? Siku ishirini na sita kwa mia moja ni shilingi 2,600 kwa mtoto kwa mwezi. Kaunti ikibeba nusu, ni 1,300. Mkianza na wadi chache na watoto wa miezi sita hadi miaka mitatu, mtapata kiasi ambacho wahasibu wenu wanaweza kukikokotoa kabla ya chai ya saa nne. Sitawadanganya kwamba zitarudi zote kama ushuru. Mama fua hana hati ya mshahara. Zitakachofanya ni kuzunguka: kwa muuza sukuma wiki, kwa fundi wa viatu, kwa mwenye nyumba, kwa karo ya yule dada wa miaka tisa. Na kwenye daftari langu pia, nikiri kwamba nina maslahi hapo.

Linalobaki ni tarehe. Makadirio ya bajeti ya kaunti yanatakiwa kufika kwenye Bunge la Kaunti kabla ya Aprili 30, na mwaka mpya wa fedha huanza Julai 1. Katika makadirio yajayo tunaomba kifungu chenye jina lake, ulezi wa watoto wenye umri wa chini ya miaka minne, kisichofichwa ndani ya chekechea ambako madarasa na madawati yatakimeza. Tunaomba pia kikao cha kukusanya maoni kuhusu kifungu hicho kisifanyike ukumbini saa tatu asubuhi siku ya kazi, kama ilivyo desturi ya vikao hivi, kwa sababu saa hiyo tunaohusika tuko kando ya ukuta tukingoja geti lifunguliwe. Jumapili saa tisa alasiri inatufaa. Uwanja wa shule unatosha, viti tutaleta wenyewe. Watoto tutakuja nao, kwa hiyo mtenge kona yenye kivuli na mtu wa kuwaangalia, na gharama ya mtu huyo mwiandike kwenye bajeti ya kikao.

Wenu,
Mweka hazina wa chama cha akina mama,
Korogocho, Nairobi